TAA ZA NOELI ZINAMWANGAZIA NANI?

Somo la mwezi wa Desemba kwa vikundi vya nyumbani

Mafungu ya kusoma: Luka 2:1-20, Mathayo 2:1-23, Yeremia 10:1-5, Yohana 8:12, Isaya 58:6-10



Kila Desemba simu zetu hapa makazini hujaa picha kutoka Bujumbura. Ndugu zetu waliobaki kule wanatutumia taa za Noeli: taa nyekundu, kijani na bluu zimezungushwa kwenye malango ya Mutanga Nord, mti umepambwa barazani, nyota inang'aa juu ya mlango. Picha moja hupita kutoka simu hadi simu mpaka karibu kila kaya imeiona.

Picha hizi zimeleta maneno kati yetu. Wako wanaosema, "Mnaona? Kwetu kumetulia, tunangoja nini hapa?" Wako wanaonung'unika kwamba ndugu zao wana pesa za taa lakini hawana pesa za kuwatumia. Wako wazee wanaosema mapambo yote ni upagani. Na wako vijana wanaotaka michango ya kanisa inunue taa kama zile, ili nasi tuonekane. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la mwezi huu liwe juu ya taa za Noeli. Tutaangalia mambo matano, na katika yote tutauliza swali moja: taa hii inamwangazia nani?

1. MUTANGA NORD NA TAA ZAKE

Tueleze kidogo kwa ajili ya vijana waliozaliwa hapa makazini na ndugu zetu wasiowahi kufika Bujumbura. Mji huo uko kando ya Ziwa Tanganyika. Makao makuu ya kisiasa yamehamishiwa Gitega, lakini Bujumbura bado ni mji mkubwa kuliko yote Burundi na kitovu cha biashara. Mutanga Nord ni kartiye iliyoko kaskazini-mashariki ya mji, katika komini ya Ntahangwa, mahali ardhi inapoanza kupanda kuelekea milimani. Nyumba nyingi ziko ndani ya kuta, lango ni la chuma, na usiku mzamu hukaa langoni kulinda. Kutoka sehemu za juu, mvua ikiwa imekatika, mtu huona taa za mji chini, kisha giza la ziwa, na ng'ambo taa za Uvira upande wa Kongo.

Wakati wa Noeli mapambo huonekana madukani, mahotelini na katika nyumba za wenye uwezo. Makanisani watu hutumia vitu vya kwetu: matawi ya sederi, migomba miwili iliyosimamishwa pande mbili za mlango, karatasi za rangi, na hori la nyasi na udongo. Taa za umeme ni za wachache, kwa sababu umeme wenyewe ni wa wachache. Katika Burundi nzima takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani. Regideso hutegemea hasa nguvu ya maji: bwawa la Rwegura lililoanza kazi miaka ya 1980, mitambo ya mto Ruzizi inayotumiwa pamoja na Rwanda na Kongo, na tangu 2023 mitambo ya maporomoko ya Rusumo, ambayo megawati zake 80 hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika, lango lililopambwa na lisilopambwa yanafanana.

Tena taa za usiku zinahitaji amani ili watu wazitazame. Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka sikukuu za miaka ya vita. Tarehe 28 Desemba 2000, siku tatu tu baada ya Noeli, abiria wa basi la Titanic Express waliuawa karibu na Bujumbura. Tarehe 29 Desemba 2003 balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, alipigwa risasi akiwa safarini kusini ya mji, naye akafa. Mjini kulikuwa na amri ya kutotembea kuanzia saa sita ya usiku hadi alfajiri. Mtu aliyetaka kukesha ibadani ilimbidi afikirie kwanza atarudije nyumbani. Amri hiyo, iliyodumu miaka mingi, iliondolewa Aprili 2006, na Noeli ya mwaka ule watu waliweza kutembea usiku bila kuivunja. Lakini mwaka 2015 hofu ilirudi. Mashambulizi ya tarehe 11 Desemba na mauaji yaliyofuata katika baadhi ya mitaa yalitokea wiki mbili tu kabla ya sikukuu, na wengi wetu tuko hapa kwa sababu ya mwaka ule.

Kwa hiyo tusiwe wepesi kumhukumu anayetundika taa Mutanga Nord. Huenda hajionyeshi kwa mtu. Huenda anafurahi tu kwamba mwaka huu watoto wake wanaweza kukaa barazani baada ya magharibi.

2. MAPAMBO HAYA YALITOKA WAPI?

Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu, wala haiamuru mti au taa. Tarehe 25 Desemba tunaikuta katika kumbukumbu za kanisa la Roma za karne ya nne. Hori la kuigiza linajulikana sana kutokana na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio, Italia, aliweka nyasi, ng'ombe na punda ili watu wa kawaida waone kwa macho umaskini ambamo Bwana alizaliwa. Mti wenye mishumaa ulizoeleka katika nchi za Ujerumani, kisha ukaenea Ulaya na Marekani, na wamisionari wakaja na desturi hiyo kwetu.

Taa za umeme ni changa zaidi. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alizungusha taa 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti nyumbani kwake New York. Wakati ule umeme ulikuwa wa matajiri, na taa zile zilikuwa pia namna ya kuitangaza biashara. Leo sehemu kubwa ya mapambo ya dunia hutengenezwa Yiwu nchini China, na bei imeshuka mpaka wachuuzi wa Bujumbura wanayauza mkononi.

Lakini kuna habari nyingine inayotupasa sisi. Mwaka 1931, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi huko Marekani, wajenzi waliokuwa wakijenga Rockefeller Center mjini New York walisimamisha mti katikati ya matope ya kazi yao. Waliupamba kwa vitu walivyoweza kupata: karatasi, matunda madogo yaliyotungwa kwenye uzi, hata makopo ya bati. Siku ya mkesha walipanga foleni kando yake wakipokea mshahara. Mti unaosimamishwa mahali hapo siku hizi unajulikana dunia nzima kwa maelfu ya taa zake, lakini ule wa kwanza ulikuwa wa vibarua, nao waliupamba kwa makopo. Sisi tunaopanga foleni ya mgao tunaweza kuwaelewa watu wale.

3. JE, MAPAMBO NI UPAGANI?

Ndugu wengine husoma Yeremia 10:3-4, mahali nabii anaposema juu ya mti unaokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Wanasema huo ndio mti wa Noeli. Tuwaheshimu ndugu hawa, kwa maana wanataka kulinda utakatifu wa kanisa. Lakini tusome fungu lote. Yeremia anasema juu ya kazi ya fundi mwenye shoka, yaani mti uliochongwa uwe sanamu. Mstari wa 5 unaonyesha kwamba watu waliitazamia sanamu hiyo iseme, itembee, iwadhuru au iwatendee mema. Dhambi inayokemewa pale ni kuogopa na kuabudu kitu kisichoweza kusema wala kutembea. Anayesimamisha tawi la sederi mlangoni bila kulisujudia hafanyi hivyo.

Mtume Paulo anasema katika Warumi 14:5-6 kwamba mmoja huadhimisha siku na mwingine haadhimishi, na kila mmoja na afanye kwa ajili ya Bwana. Basi mzee asiyetaka mapambo nyumbani kwake asilazimishwe, naye asimhukumu jirani anayepamba.

Lakini tusifikiri hapo neno limekwisha. Manabii hawakukemea sanamu peke yake. Katika Amosi 5:21-24 Mungu anazikataa sikukuu za watu wake mwenyewe kwa kuwa haki haimo kati yao. Sikukuu yaweza kuwa haina sanamu hata moja, na bado Mungu akaikataa. Ndiyo maana tunarudi kwenye swali letu.

Wayahudi walikuwa na sikukuu ya taa pia. Mapokeo yao yaliyoandikwa katika Mishna yanaeleza kwamba wakati wa Sikukuu ya Vibanda waliwasha vinara vikubwa vya dhahabu katika ua wa hekalu. Tambi zake zilitengenezwa kwa nguo kuukuu za makuhani, na mwanga wake ulifika katika kila ua wa Yerusalemu. Sura ya 7 na ya 8 za Yohana ziko katika majira ya sikukuu hiyo, na walimu wengi wanaona kwamba Bwana alikuwa na taa zile moyoni aliposema kwamba yeye ndiye nuru ya ulimwengu (Yohana 8:12). Tazameni mambo mawili. Nguo iliyochakaa ilipata kazi ya kutoa nuru. Na mwanga haukuishia kwa mwenye kinara, bali ulifika hata katika ua wa asiyekuwa na mafuta.

4. WALIOKUWA ZAMU USIKU ULE

Sasa turudi kwenye picha za simu. Tuziangalie vizuri, tuulize: imepigwa kutoka upande gani wa lango?

Nyingi zimepigwa kutoka nje, barabarani. Aliyepiga si mwenye nyumba. Wengi wa ndugu zetu walioko katika kartiye kama Mutanga Nord wako kule kwa kazi: huyu ni mzamu, yule ni boyi, dada yake ni yaya. Wanatutumia picha ya lango la mwajiri kwa kuwa ni nzuri, nao wanataka tufurahi pamoja nao. Halafu sisi tunanung'unika kwamba wana pesa za taa! Ndugu huyo huenda anakaa nje ya lango lile usiku kucha na koti lake na tochi yake, mvua ya Desemba inanyesha, na wenye nyumba wanakula ndani. Kabla hatujamlaumu, tumuulize amekula nini.

Hapo Injili ya Luka inatusaidia. Luka 2:8 inasema wachungaji walikuwa makondeni, wakilinda kundi kwa zamu usiku. Kwa lugha ya Bujumbura, walikuwa wazamu. Mjini Bethlehemu watu walikuwa wengi kwa ajili ya kuandikwa, nyumba zimejaa, na katika nyumba zile pasingekosa taa za mafuta. Lakini utukufu wa Bwana haukung'aa juu ya nyumba ya wageni, wala juu ya ikulu ya Herode. Uliwaangazia watu waliokuwa kazini gizani, nje ya mji. Ishara waliyopewa haikuwa taa. Waliambiwa watamkuta mtoto amevikwa nguo za kitoto, amelala horini.

Kwa hiyo, kama kuna mtu wa Mutanga Nord anayefanana na wachungaji wale usiku wa Noeli, ni yule mzamu wa langoni. Mwenye nyumba Mkristo, anayetundika taa kwa heshima ya Yesu na kumwacha mzamu wake bila chai ya moto, amewasha taa lakini hajaelewa habari. Na tuseme kweli, jambo hili si la matajiri wa mjini tu. Hata hapa makazini wako wanaolinda ghala usiku na wanaokesha na wagonjwa zahanati. Ni nani kati yetu huwapelekea chakula usiku wa mkesha?

5. NYOTA, HERODE NA SAFARI YA MISRI

Tuje sasa kwa wanaosema, "Taa zinawaka, basi tufunge mizigo." Jambo hili ni zito, tulisome kwa utulivu katika Mathayo 2.

Nyota iliwaka juu ya Bethlehemu, na ilikuwa nyota ya kweli kutoka kwa Mungu. Mamajusi walifurahi sana. Lakini Herode naye aliuliza habari za nyota ile (mstari wa 7), na baada ya muda mfupi askari wake waliua watoto wa Bethlehemu. Taa ya mbinguni yenyewe haikuwa ushahidi kwamba mji una usalama. Je, taa za dukani zitakuwa ushahidi?

Yusufu alichukua mtoto na mama yake usiku (mstari wa 14). Sisi tuliokimbia usiku tunajua maana ya neno hilo. Usiku ule hukuwasha taa. Ulizima hata jiko, ukamziba mtoto mdomo, ukatafuta njia kwa miguu. Mwana wa Mungu alipita katika giza la namna hiyo akiwa mgongoni mwa wazazi wake. Kwa hiyo mkimbizi asiyekuwa na taa ya Noeli asidhani kwamba Noeli imempita.

Na wakati wa kurudi ulipofika, Yusufu alifanyaje? Alipata neno kwamba waliotaka kumwua mtoto wamekufa. Akaondoka. Lakini alipofika alisikia kwamba Arkelao anatawala Yudea, akaogopa, akaonywa katika ndoto, akaenda sehemu za Galilaya (mistari ya 19-23). Alitii, na bado aliuliza: nani anatawala, mahali gani pana usalama, mtoto ataishi wapi?

Kanisa halimwambii mtu arudi wala asirudi. Wako waliorudi na wanaendelea vizuri, tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wako walioona shida. Tunachofundisha ni hiki: usiamue maisha ya watoto wako kwa picha ya taa, wala usiyaamue kwa uvumi wa kutisha. Uliza kama Yusufu alivyouliza. Shamba langu liko mikononi mwa nani? Majirani zangu ni akina nani sasa? Shule iko? Dawa ziko? Waulize watu zaidi ya mmoja, kisha uombe.

TUFANYE NINI HAPA MAKAZINI?

Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara miaka hii, kila mama anajua. Kwa hiyo tunashauri mambo manne.

Kwanza, mtu asiuze mahindi ya mgao ili anunue mapambo. Watoto wakilala njaa chini ya taa ya rangi, taa hiyo haijamwangazia mtu.

Pili, kanisa tulipambe kwa vitu tulivyo navyo: migomba, maua ya porini, karatasi na makopo. Watoto wa shule ya Jumapili wafanye kazi hiyo, nao wataikumbuka.

Tatu, tuwe waangalifu na mishumaa. Nyumba zetu ni za nyasi na maturubai, na zimejengwa karibu karibu. Moto wa nyumba moja ni moto wa kijiji kizima.

Nne, juu ya michango ya vijana. Hatutaki kuwavunja moyo, kwa maana hamu yao ni njema. Tunawaomba wafikirie taa moja ya sola iliyo imara, isitundikwe ndani juu ya madhabahu bali nje, kwenye kona ya kanisa, mahali njia inapogawanyika kwenda bombani na zahanati. Akina mama wanaoshikwa na uchungu usiku hupita hapo. Wasichana wanaochelewa foleni ya maji hupita hapo wakiogopa. Wasio wa kanisa letu nao hupita hapo, pamoja na jirani zetu Waislamu. Isaya 58:7-10 inafundisha kwamba nuru ya mtu huzuka gizani pale anapomgawia mwenye njaa mkate wake na kumwingiza maskini nyumbani mwake. Taa ya kona ile itawaka Noeli, na itaendelea kuwaka Januari na Februari, wakati mapambo ya mjini yamekwisha kurudishwa sandukuni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Soma Luka 2:8-14. Kwa nini habari ilipelekwa kwanza kwa watu waliokuwa kazini usiku?
2. Soma Yeremia 10:1-5. Kuna tofauti gani kati ya kupamba na kuabudu?
3. Picha za kutoka nyumbani zimetufanya tuseme maneno gani juu ya ndugu zetu? Ni nani tunapaswa kumpigia simu na kupatana naye kabla ya Noeli?
4. Yusufu aliuliza nini kabla ya kukaa Nazareti? Familia yako inahitaji kujua nini kabla ya kuamua kurudi au kubaki?
5. Ni mahali gani pa giza katika kijiji chetu panapohitaji taa zaidi? Kila kikundi kilete jina la mahali pamoja kwa wazee wa kanisa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Majilio.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyebebwa usiku kwenda nchi ya ugeni, uwakumbuke walio zamu usiku huu, katika malango ya Bujumbura na hapa makazini. Wape amani ndugu zetu walioko nyumbani, ili taa zao ziwake bila hofu. Utufundishe kuweka mwanga mahali mwenzetu anapopita. Amina.